Ana akili nyingi, lakini kusoma kunamshinda

Dar es Salaam. Chukua mtoto wa darasa la nne anayeshinda na mama yake kwenye biashara ya nguo Kariakoo kila Jumamosi. Mteja anachukua madera matatu ya Sh18,500 kila moja, anatoa Sh60,000. Kabla mama hajashika kikokotoo, mtoto ameshataja chenji: Sh4,500. Anakumbuka nani alikopa wiki iliyopita, anajua duka gani la Mtaa wa Kongo limeshusha bei, na redio ya jirani ikizima, yeye ndiye anayeifungua na kuiunga.

Jumatatu daftari la Kiswahili linarudi limejaa wino mwekundu. “Baba” ameandika “dada”. Sentensi ya maneno sita anaisoma kwa kukata silabi moja moja, na akifika mwisho ameshasahau mwanzo ulisemaje.

Kwa wazazi wengi, hapo hukumu huwa tayari. Mtoto anayepiga hesabu namna hii hawezi kushindwa kusoma, kwa hiyo hataki tu. Ni mvivu. Anaendekeza michezo. Anahamishwa shule, anaongezewa tuisheni ya jioni, na katika nyumba nyingine fimbo nayo inaitwa isaidie. Mwaka unakwisha, herufi bado zinamchezea.

Wapo watoto wenye uwezo mkubwa kuliko umri wao katika jambo fulani ambao, wakati huohuo, wana hali inayofanya kujifunza kuwe kugumu. Inaweza kuwa disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika maneno. Inaweza kuwa ADHD, ambapo mtoto hatulii au mawazo hayakai sehemu moja. Inaweza kuwa usonji. Shida ni kwamba vitu hivi viwili hufichana. Akili humsaidia mtoto kubahatisha na kukariri, hivyo mwalimu haoni ugumu wake. Ugumu nao hushusha alama zake, hivyo hakuna anayeona akili. Anabaki katikati ya darasa, mtoto wa kawaida asiye na tatizo wala kipaji, na hakuna anayemuulizia.

Hadithi ya mwaka 1896

Jambo hili si geni. Mwaka 1896 daktari wa Uingereza, William Pringle Morgan, aliandika katika jarida la British Medical Journal kuhusu Percy, mvulana wa miaka 14. Percy alikuwa mchangamfu, hodari katika michezo, na aliweza kuzidisha 749 kwa 867 haraka na kwa usahihi. Lakini baada ya miaka ya kufundishwa, maneno yaliyoandikwa hayakuwa na maana kwake. Hata jina lake mwenyewe alilikosea, akageuza herufi na kuandika “Precy”. Mwalimu wake alisema kijana huyo angekuwa mwerevu kuliko wote shuleni kama masomo yangefundishwa kwa mdomo tu.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, maelezo hayo yanaweza kuandikwa kwenye ripoti ya mtoto wa Buguruni au Gerezani bila kubadilisha sana.

Disleksia haitokani na macho mabovu, uvivu wala malezi. Ni namna ubongo unavyoshughulikia sauti za lugha na herufi zake, na mara nyingi hurithiwa. Baba anayesema “hata mimi nilikuwa hivyohivyo” huenda anatoa taarifa muhimu kuliko anavyodhani. Hakuna kidonge kinachoiondoa. Zile chupa za “kuongeza akili” zinazopitishwa mitaani na kwenye makundi ya WhatsApp zitamaliza fedha ya mzazi na kuacha herufi zilivyo.

Mifano ya watu waliofika mbali ipo. Carol Greider, mwanasayansi wa Marekani aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2009, ana disleksia na utotoni alipelekwa madarasa ya ziada ya tahajia. Mshairi wa Uingereza Benjamin Zephaniah aliacha shule akiwa na miaka 13 bila kujua kusoma vizuri; baadaye akawa profesa wa uandishi. (Einstein hutajwa sana katika orodha hizi, lakini ushahidi wake ni dhaifu, aachwe apumzike.) Mifano hii isimfanye mzazi aamini kwamba kila mtoto anayechelewa kusoma ni mwanasayansi aliyejificha. Wengi ni watoto wa kawaida wanaohitaji msaada, na wana haki ya kuupata hata wasipokuja kuwa maarufu.

Kiswahili humficha, Kiingereza humuumbua

Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishashika ba, be, bi, bo, bu, anaweza kulikokota karibu neno lolote. Ndiyo maana mwenye disleksia hapa kwetu mara nyingi hasomi vibaya sana. Anasoma polepole mno. Mzazi anayemsikiliza anasema, si unaona anajua? Anachoka kabla ya kuelewa. Tena Kiswahili kina maneno marefu: “hawakutununulia” ni neno moja lenye silabi nane na habari nzima ndani yake.

Halafu kinakuja kidato cha kwanza, na masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, lugha ambayo “knife” inaanza na herufi isiyotamkwa na “enough” inaishia na sauti ya f isiyoonekana popote. Mbinu ya kukokota silabi inakufa siku hiyo. Kwa watoto wa shule za mchepuo wa Kiingereza, kishindo hicho huja mapema zaidi, wakati mwingine darasa la kwanza, na wazazi hudhani tatizo ni lugha tu.

Dalili za kuangalia ni tofauti kubwa kati ya mdomo na daftari. Mtoto anaeleza somo la sayansi vizuri akiulizwa, lakini kwenye karatasi anaandika mistari miwili. Anachanganya b na d hata baada ya darasa la pili. Anakwepa kusoma kwa sauti, anaumwa tumbo siku za imla. Anaweza hesabu za namba tupu lakini anakosa zile za maneno.

Kipaji kinachopimwa kwa karatasi

Tanzania ina sekondari za Serikali zinazoitwa za vipaji maalumu: Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato na Tabora, ya wavulana na ya wasichana. Ni shule nzuri, na mzazi yeyote wa Ilala angefurahi mtoto wake achaguliwe Kibaha, jirani tu hapo. Lakini mlango wa kuingia ni alama za mtihani wa darasa la saba, na mtihani huo, hata wa Hisabati, ni wa kusoma. Kipaji kinachotambuliwa ni kile kinachosoma haraka. Mtoto wa Kariakoo anayekokotoa chenji kichwani hana mahali pa kuonyesha alichonacho.

Upande wa pili, Ilala ina historia ndefu ya elimu maalumu. Uhuru Mchanganyiko inasomesha watoto wasioona na wenye ulemavu mwingine pamoja na wenzao. Buguruni kuna Shule ya Viziwi. Msimbazi Mseto ina kitengo cha watoto wenye usonji. Tunaye sasa mtoto anayeona, anayesikia, anayechekesha ukumbi mzima, na asiyeweza kusoma aya moja. Haonekani kuwa wa huku wala wa kule.

Hata hivyo, shule hizo ndiko waliko walimu waliosomea elimu maalumu, kazi ambayo wengi hufunzwa vyuo kama Patandi, Arusha. Mwalimu mkuu wa shule ya kawaida anaweza kuombwa amuunganishe mzazi na afisa elimu maalumu wa halmashauri, ambayo kwa wakazi wa Ilala tangu mwaka 2021 ni Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam.

Kabla ya hapo, hospitali. Macho na masikio yapimwe kwanza, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri herufi za mwisho hufanana sana na mwenye disleksia. Amana au Muhimbili panatosha kuanzia, na Muhimbili pia ina madaktari wa afya ya akili wanaoona watoto, muhimu kwa wenye dalili za ADHD au usonji. Kwa mtoto mwenye seli mundu, kushuka ghafla darasani aambiwe daktari wake haraka: ugonjwa huo unaweza kusababisha viharusi vidogo kwenye ubongo bila dalili za nje.

Msimnyang'anye anachokiweza

Kosa linaloumiza zaidi hufanywa kwa nia njema. Mtoto akishindwa kusoma, nyumbani wanafunga kila anachokiweza: marufuku mpira, marufuku kuchora, marufuku kufungua redio, mpaka asome. Kwa mtoto huyu, hiyo ndiyo sehemu pekee ya siku ambayo hajihisi mjinga. Akinyang'anywa, hatasoma zaidi. Atajifunza tu kwamba hana chochote.

Kinachosaidia kusoma ni mazoezi mafupi, kila siku, kwa mpangilio: sauti moja na herufi yake, kisha silabi, kisha neno. Dakika 15 baada ya chai ya jioni zinatosha kuliko saa mbili za tuisheni anakosinzia. Herufi b na d aziandike kubwa kwenye mchanga au kwa chaki sakafuni, huku akizitamka. Masomo mengine yasimsubiri kusoma kwake: dada au kaka amsomee sayansi kwa sauti, au arekodi sura nzima kwenye simu aisikilize akiwa kitandani. Akili yake iendelee kula wakati macho yanajifunza.

Na mpeni kazi ya kweli kwa kile anachokiweza. Wa hesabu ashike daftari la mauzo. Wa kuchora atengeneze bango la duka.

Shuleni, mzazi aseme waziwazi kwamba mtoto hapigwi kwa sababu ya kusoma. Kanuni za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Kukosa imla si utovu wa nidhamu. Aombe pia mambo madogo: mtoto akae mbele, asilazimishwe kusoma mbele ya darasa bila kuandaliwa, na baadhi ya majaribio ajibu kwa mdomo.

Linabaki suala la mtihani wa Taifa. Baraza la Mitihani hutoa nyongeza ya muda kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 katika masomo mengine. Makundi yanayotajwa mara kwa mara ni wasioona, wenye uoni hafifu, viziwi, wenye ulemavu wa akili na wa viungo. Mzazi wa mtoto mwenye disleksia amuulize mwalimu mkuu mtoto akiwa bado darasa la tano, siyo wiki ya mtihani. Aende na madaftari ya miaka miwili, majibu ya macho na masikio, barua ya daktari au mwalimu wa elimu maalumu kama ipo, na ukurasa mmoja unaoeleza mambo ambayo mtoto anayaweza kuliko wenzake. Huo wa mwisho ndio ambao kwa kawaida hakuna anayeuleta.