Je, Wajua? Kombe la Kagame Liliwahi Kuwa Mali ya Wakenya
Mashabiki wengi hulihesabu Kombe la Kagame, mashindano ya klabu za Afrika Mashariki na Kati, kuwa la Simba na Yanga za Tanzania, na mwanzo wake unawapa sababu: Simba ilianza kulitwaa mwaka 1974, Yanga ikafuata 1975 kwa kuifunga Simba hiyohiyo 2-0 katika fainali ya Zanzibar. Lakini tangu 1976 hadi 1985 kombe lilikwenda Kenya mara 9 kati ya 10. Luo Union, Abaluhya (ndiyo AFC Leopards ya leo) na Gor Mahia walipokezana; KCC ya Kampala pekee ndiyo iliyopenya, 1978.

Wapo watakaosema haya ni mashindano ya kupashia misuli moto kabla ya msimu, hayapimi ubora wa ligi. Kwa miaka ya karibuni nakubali: vigogo huleta chipukizi au hawaji kabisa, na bingwa wa 2024, Red Arrows, alikuwa mgeni mwalikwa kutoka Zambia. Ila ubabe wa miaka 10 si wa kubahatisha. Gor Mahia hiyohiyo ilitwaa Kombe la Washindi Barani Afrika mwaka 1987, na hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kubeba taji la Afrika.