Kufundisha Ugawaji wa Shamba kwa Picha za Angani

Katika makala haya tutaeleza namna mwalimu awezavyo kuwaongoza wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi kugawa shamba katika kanda kwa kutumia picha iliyopigwa kutoka angani. Kanda ni sehemu ya shamba ambayo hali yake yafanana kiasi cha kuweza kutunzwa kwa namna moja.

Yafaa kwanza wanafunzi waelewe sababu ya kufanya hivyo. Shamba moja halina udongo wa namna moja. Kwenye mtelemko mvua huchukua udongo wa juu. Bondeni udongo huo hutua. Na palipokuwa na zizi zamani, mahindi hustawi bila ya samadi. Mkulima atiaye mbolea kwa kipimo kimoja kila mahali huipoteza pasipoihitaji na kuipunguza panapoihitaji.

Aliyesimama katikati ya mahindi huona mistari michache tu, lakini picha huonyesha shamba zima. Tena, jani lenye afya hufyonza sehemu kubwa ya mwanga mwekundu, na kurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Kamera maalumu hupima mianga yote miwili. Tofauti yake hugawanywa kwa jumla yake. Tuchukue mfano wa mmea unaorudisha asilimia 50 ya infraredi na asilimia 10 ya mwekundu: 40 gawanya kwa 60 ni 0.67. Mmea dhaifu ukirudisha 40 na 20, jibu ni 0.33. Hili laweza kuwa zoezi zuri la hesabu.

Mwalimu achague picha kulingana na ukubwa wa shamba. Katika picha za satelaiti za Sentinel-2, ambazo zimekuwa zikipigwa tangu mwaka 2015, kila mraba mdogo kabisa huwakilisha mita 10 kwa 10. Shamba la nusu ekari litakuwa na miraba kama 20 tu. Kwa shamba dogo, picha ya ndege ndogo isiyo na rubani inafaa zaidi.

Somo liendeshwe kwa hatua nne.

Kwanza, wanafunzi waitazame picha katika vikundi na kuchora mipaka ya sehemu zilizokolea, za wastani na zilizofifia. Kanda tatu zatosha. Madoa madogo yaunganishwe na kanda iliyo jirani, kwani mwenye jembe hawezi kuhudumia kila doa peke yake.

Pili, waende shambani na picha mkononi. Katika kila kanda wachimbe, wapapase udongo, watazame mizizi na kupekua majani.

Tatu, waamue kila kanda yahitaji nini: samadi, mfereji, matuta au palizi.

Nne, wakati wa mavuno wapime mazao ya kila kanda mbali mbali na kuyaandika, ili msimu ufuatao waone kama mipaka yao ilikuwa sahihi.

Hatua ya pili ndiyo roho ya somo, nayo ndiyo irukwayo kwa urahisi. Picha huonyesha kwamba pana tofauti. Haisemi tofauti hiyo imeletwa na nini. Sehemu iliyofifia huenda imekosa naitrojeni, imetuamisha maji, imeshambuliwa na viwavi, au ilipandwa kwa kuchelewa. Sehemu iliyokolea nayo huenda imejaa magugu! Mwalimu atoaye jibu kwa kuitazama picha peke yake huenda akaagiza mbolea itiwe mahali panapohitaji mfereji, na wanafunzi watajifunza kuamini karatasi kuliko udongo.

Kwa hiyo, mwanafunzi asemapo, “Hapa pamefifia,” mwalimu asimweleze sababu. Amwulize, “Tukachimbe wapi?”