Shangazi, ngazi 96 na kitanda cha bei poa Roma

Leo nina habari za Italia. Najua wapo watakaosonya: "Huyu naye! Sisi tunahangaika na nauli ya daladala, yeye anatuletea Ulaya!" Subiri kwanza. Wanaokwenda wapo, tena siku hizi si mabosi peke yao. Wapo wa hija, wa masomo, wa biashara na wa kumfuata mchumba. Na wote hao wakishashuka kwenye ndege wana swali moja: leo tunalala wapi?

Swali hilo ndilo lililoniumbua mimi. Naandika ili lisikuumbue na wewe.

Mwaka 2025 ulikuwa Mwaka wa Jubilei kwa Wakatoliki, ule wa kila baada ya miaka 25, na mahujaji walimiminika Roma kutoka kila pembe ya dunia. Shangazi yangu, muuguzi mstaafu, alikuwa ameapa kuwa sehemu ya kiinua mgongo chake itakwenda huko. Vikundi vya hija vilikuwepo, lakini shangazi ni mtu wa mambo yake. "Sitaki kuswagwa kama mbuzi wa mnadani," alisema. Basi akanichagua mimi nimsindikize. Sifa zangu? Sina mtoto mgongoni, na eti najua intaneti.

Kazi yangu ikawa moja tu, kutafuta pa kulala. Na kazi hiyo inaanzia hapa hapa Bongo, maana ubalozi hautaki maneno matupu unapoomba viza. Unataka tiketi, bima ya afya isiyopungua euro 30,000, na karatasi inayoonyesha utalala wapi. Nikakaa na simu siku tatu, macho yakawa mekundu kama ya mvuta bangi. Siku ya nne nikampigia shangazi kwa mbwembwe.

"Shikamoo shangazi. Nimepata! Fleti, euro 78 kwa usiku, karibu na Vatikani."

"Marahaba mwanangu. Si unaona? Nilijua umesoma."

Loh! Laiti angejua.

TANGAZO LILINYAMAZA

Tulifika Jumamosi usiku, mwezi wa Oktoba. "Karibu na Vatikani" ile ikawa ni upande wa Cornelia, vituo vinne vya treni ya chini ya ardhi kabla ya Ottaviano, kituo wanachoshukia watu wengi wa Vatikani. Halafu kutoka Cornelia unapanda basi. Halafu kutoka kituo cha basi unatembea, tena kilima. Kumbe mimi nilipima ramani kwa macho, kwa mstari wa rula, kama vile binadamu hupaa.

Mwenye nyumba alitupokea vizuri, akaomba pasi zetu za kusafiria apige picha. Shangazi akanifinya. Nikamtuliza, maana hilo nilikuwa nalijua: sheria ya Italia inamtaka kila anayelaza wageni apeleke majina yao polisi ndani ya saa 24. Kwa hiyo nawe ukiombwa pasi usishtuke. Shtuka usipoombwa.

Kisha yule bwana akatuonyesha ngazi. Nikamuuliza lifti iko wapi. Akatabasamu, akanyoosha kidole juu. Ghorofa ya nne, kwa miguu.

Msomaji wangu, nilipofika chumbani jambo la kwanza nililofanya ni kulisoma upya lile tangazo. Nilitaka nimkamate kwa uongo wake. Sikuupata. Hakuna mahali palipoandikwa kuna lifti. Palikuwa na picha ya kitanda, picha ya ua la waridi na picha ya kahawa. Tangazo halikudanganya. Lilinyamaza tu, na mimi nikaujazia ule ukimya kwa matumaini yangu.

Shangazi ana magoti mabovu. Miaka zaidi ya 30 ya kusimama wodini usiku na mchana si mchezo. Ngazi zile zilikuwa 96. Najua kwa sababu yeye alizihesabu kwa Salamu Maria, ngazi moja salamu moja. "Hii nayo ni hija," akasema huku anahema. Mimi nikacheka. Mjinga mimi.

Jumapili akapanda. Jumatatu asubuhi tukashuka, tukazunguka, mchana tukarudi kupumzika. Jioni nikamwambia twende tukale. Akasema hana njaa, niende tu nimletee ndizi moja. Nikafika mpaka mlangoni ndipo ikanigonga: mama huyu ana njaa sana. Anachokwepa ni kushuka na kupanda tena. Nikaangalia goti lake, limeumuka kama andazi. Na keshokutwa yake, Jumatano, ndiyo siku Baba Mtakatifu anapokutana na watu uwanjani, jambo lenyewe lililomtoa mwanamke huyu kwao na kiinua mgongo chake.

Usiku ule sikulala. Nilipiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga nikiwa nyumbani. Euro 78 kwa usiku tano ni 390. Ada ya usafi, ambayo iliandikwa chini kwa herufi za sisimizi, 60. Kodi ya mgeni kulala, maana miji mingi ya Italia ina kodi hiyo, kila mtu kila usiku: kwetu ilikuwa euro 6, watu wawili, usiku tano, 60 nyingine. Jumla 510. Hapo sijaweka nauli za basi na chai ya asubuhi. Bei poa iko wapi?

KISWAHILI KIKATUOKOA

Jumanne asubuhi tulijikokota hadi karibu na uwanja wa Mtakatifu Petro. Roma ina mabomba ya maji ya kunywa barabarani, zaidi ya 2,000, maji ya bure na baridi kama ya friji. Tulisimama kwenye bomba moja, mimi nakinga maji, shangazi analalamika kwa Kiswahili chake cha Morogoro. Nyuma yetu sauti ikasema, "Pole mama. Miguu?"

Alikuwa sista wa kwetu anayesoma Roma. Si ajabu sana, maana vyuo vya Kanisa mjini humo vina mapadri na masista wengi kutoka Afrika Mashariki. Akatusikiliza, akanitazama mimi kwa jicho moja lililotosha, kisha akapiga simu. Dakika kumi baadaye tulikuwa na chumba kwenye nyumba ya wageni ya masista, umbali wa mtu kutembea hata kwa goti bovu.

Usicheke, ukadhani gesti ya masista ni mzaha. Italia zipo nyingi, na huhitaji kuwa mtawa wala hata Mkristo kulala. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili vya mtu mmoja mmoja, msalaba ukutani, shuka zimepigwa pasi mpaka zinakatika. Asubuhi mkate, jamu na kahawa ya maziwa. Na lifti! Lifti ndogo kama kabati, lakini ilipopanda shangazi alipiga makofi. Bei euro 95 kwa wote wawili, na chai ndani yake. Ubaya wake ni mmoja: saa tano usiku geti linafungwa, ukichelewa shauri yako. Kama wewe ni mtu wa disko, hapo si pako.

Usiku mbili za fleti ile zilipotea, maana nilichukua bei ya "hairudishwi". Euro 156. Nililipa kwa hela yangu mwenyewe, na bado naziota.

Lakini Jumatano asubuhi shangazi alikuwa uwanjani mapema, goti limefungwa bandeji aliyoifunga mwenyewe kiuuguzi. Tiketi za kumwona Baba Mtakatifu ni bure, kwa hiyo wewe asikuuzie mtu. Papa Leo wa 14 alipopita na gari lake, shangazi hakupiga picha. Alisimama tu, machozi yanamtoka, ameshika bega langu. Nikawaza, haya yote nilikaribia kuyauza kwa euro chache za chumba.

VENISI NAYO

Alhamisi tukapanda treni kwenda Venisi, karibu saa nne. Safari hii nilikuwa nimeshashika adabu.

Venisi iko majini, hilo unalijua. Usilolijua pengine ni kwamba kisiwani hakuna gari, hakuna bajaji, hakuna hata baiskeli ya kukubebea begi. Kuna madaraja zaidi ya 400, na mengi yana ngazi. Boti ya abiria inachaji euro 9.50 kwa tiketi ya dakika 75. Kulala kisiwani ni raha ya wenye magoti na wenye mshiko.

Sisi tukalala Mestre, upande wa nchi kavu, hoteli ya kawaida karibu na stesheni. Kabla ya kulipa niliandika barua pepe ya sentensi moja: je, lifti ipo na inafanya kazi? Wakajibu ipo. Kutoka hapo treni inavuka daraja refu la karibu kilomita nne, na kwa dakika kumi na kitu uko Venisi. Wengine wanaidharau Mestre, wanasema haina sura. Kweli haina. Lakini unaamka, unaoga, unavuka, unatalii, unarudi kulala.

Jambo jingine la kujua: tangu Aprili 2024 Venisi ilianza kuwatoza ada wanaokuja na kuondoka siku hiyo hiyo, kwa baadhi ya siku za msimu wa watu wengi. Mestre iko ndani ya manispaa ya Venisi, kwa hiyo anayelala pale anasamehewa, ili mradi awe amejiandikisha.

Ila sitakuficha. Kama mko wawili, ndoa mbichi, mna begi moja dogo, jinyimeni mengine mkalale kisiwani hata usiku mmoja. Jioni watalii wa siku moja wakiondoka, mji unatulia, unasikia maji tu. Mimi nilionja kidogo, saa mbili usiku, kisha nikakimbilia treni.

MASWALI YA KUULIZA

Basi mpenzi, ukitaka kwenda, shika haya.

Kwanza, angalia begi na miguu ya yule mnyonge kuliko wote katika msafara wenu. Mzee, mjamzito, mtoto. Chumba kinachomfaa yeye kitawafaa wote. Neno la Kiitaliano la lifti ni "ascensore". Usipoliona kwenye tangazo, hesabu kwamba haipo mpaka uambiwe ipo.

Pili, usiulize "karibu na wapi". Uliza kituo gani cha treni, na dakika ngapi kwa miguu kutoka hapo.

Tatu, piga hesabu ya jumla: chumba, usafi, kodi ya kulala, chai. Kodi inategemea mji na hadhi. Pale Roma tulikuta hoteli ya nyota tatu ni euro 6 kwa mtu, ya nyota tano euro 10.

Nne, tazama namba. Tangu Januari 2025 kila nyumba ya kupangisha watalii Italia inatakiwa kuwa na namba ya taifa, wanaiita CIN, kwenye tangazo na pale mlangoni. Tangazo lisilo na namba, tia shaka. Matapeli hawana kabila.

Tano, chukua bei inayorudishwa, hata ikizidi kidogo. Viza ikigoma utafanya nini na chumba cha Roma?

Sita, tazama kalenda. Agosti Waitaliano wenyewe wako likizo, na tarehe 15 ni sikukuu kubwa, Ferragosto. Pwani panajaa, huku mijini maduka mengi madogo yanafungwa. Tena ni joto, kwa hiyo uliza kiyoyozi.

Na wenye familia na gari la kukodi wasisahau "agriturismo", yaani kulala shambani kwa mkulima. Sheria ya kwanza ya taifa kuhusu mambo hayo ni ya mwaka 1985, na masharti yake ni kwamba kilimo kibaki ndiyo kazi kuu, wageni ni nyongeza. Unakula cha shambani, watoto wanakimbiza kuku. Lakini kama huna gari, utakaa huko kama mfungwa.

Juzi nilikwenda kumsalimia shangazi. Nikamwomba tena msamaha kwa zile ngazi. Akacheka.

"Mwanangu, mimi wodini kabla sijamchoma mgonjwa sindano, nilimuuliza kwanza ana nini. Wewe ulinikatia chumba hukuniuliza hata goti linaendeleaje."

Nikainama. Sikuwa na la kujibu.

Haya, tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.