Maniema: Gari la zamani likichemka motere, dawa ya kwanza iko nyumbani

Kusini mwa jimbo la Maniema, gari la zamani si pambo. Ulaya, mwenye Land Rover ya miaka ya sabini anaifungia ndani ya garaje na kuitoa siku ya Mungu tu. Huko Kasongo na Kabambare, gari la umri huo bado linabeba mchele, mafuta ya ngazi, mabati na wagonjwa. Kwa hiyo motere inapochemka, si gari peke yake linalosimama.

Kati ya miji hiyo miwili kuna zaidi ya kilometa 100. Kindu iko mbali zaidi, na mapiesi mengi yanatoka mbali kuliko Kindu. Wasafiri wengi wanapanda pikipiki, lakini mzigo mzito na mama aliyeshikwa na uchungu usiku bado vinahitaji gari. Ndiyo maana Toyota Land Cruiser za aina ya 40, zilizotengenezwa kati ya 1960 na 1984, na Land Rover za zamani, zinatunzwa sana. Mashini zao ni rahisi: hakuna kompyuta, na mtu mwenye funguo chache na uvumilivu anaweza kutafuta ugonjwa mwenyewe uani kwake.

Kinachoua motere

Mara nyingi motere haifi kwa sababu imechemka mara moja. Inakufa kwa sababu shofere ameona mshale umepanda, kisha akasema: tufike tu pale mbele. Kilometa hizo chache zinatosha kupinda kilasi, kile kichwa cha chuma kilicho juu ya motere, na kuunguza joini yake. Tundu dogo la mpira linageuka kuwa kazi ya mwezi mzima.

Mshale ukifika kwenye nyekundu, simama pahali tambarare, zima motere na ufungue kapo. Usiguse kifuniko cha radiatere. Maji ya ndani yanakaa chini ya nguvu: kifuniko kilichoandikwa 0.9 kinafanya yasichemke mpaka karibu digrii 117. Ukikifungua kingali moto, yanaruka usoni kwa mara moja na kuchoma vibaya. Ngoja nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu wa radiatere ushikike kwa mkono. Ndipo uweke kitambaa kizito na kufungua polepole. Usimwage maji baridi ndani ya motere yenye moto, kwani chuma kinaweza kupasuka.

Jambo lingine: mshale ukishuka ghafula nyuma ya kupanda, usifurahi. Pengine maji yamekwisha na kipimo hakiguswi tena na maji.

Anza na kisicholipiwa

Gari likisha kufika nyumbani, watu wengi wanakimbilia kununua piesi. Njia nzuri ni kuanza na kile ambacho hakiombi franga hata moja.

Kwanza, uchafu. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu na mbegu za majani zinaziba matundu ya radiatere. Wakati wa mvua ni matope. Kwa macho radiatere inaonekana nzima, lakini upepo haupiti. Osha kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa motere kwenda mbele, ili uchafu urudi ulikotokea. Mashini ya kuoshea yenye nguvu inapinda mabati membamba ya radiatere.

Pili, mukanda wa ventilateri. Usukume kwa kidole gumba katikati. Ukiingia zaidi ya sentimeta moja hivi, umelegea: unateleza, na pompo ya maji haizunguki inavyopaswa. Angalia pia kama kava linalozunguka ventilateri lingalipo. Katika magari mengi ya zamani lilitolewa siku ya matengenezo na halikurudishwa. Bila kava hilo, ventilateri inavuta hewa ya pembeni badala ya kuvuta ile inayopita ndani ya radiatere.

Tatu, maji yanayopotea. Jaza maji jioni, weka kartoni chini ya gari, na uangalie asubuhi. Alama ya maji inaonyesha pahali pa kutafuta: mipira, kamba zake za chuma, chini ya radiatere, au tundu dogo la pompo. Pompo inayotoa maji kwenye tundu hilo imechoka. Yai au unga wa pilipili ndani ya radiatere vinaweza kukufikisha kijiji kinachofuata, lakini vinaziba pia mishipa iliyokuwa wazi. Ukivitumia njiani, safisha radiatere yote ukifika.

Termostati: usiitupe

Hapa ndipo mabishano yanapokuwa makali. Fundi wengi wanatoa termostati na kuitupa, wakisema nchi yetu ni ya joto. Piesi hiyo ndogo inafunga maji mpaka motere ipate joto lake, kwa magari mengi ya zamani karibu digrii 82, kisha inafungua. Bila hiyo, motere inakaa baridi muda mrefu, inakula mafuta mengi na inaisha mbio. Tena, kwa motere nyingine termostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji inarudi ndani ya motere bila kupita kwenye radiatere, na joto linazidi.

Kuipima ni kazi ya babula. Ifunge kwa uzi, itumbukize ndani ya sufuria ya maji, weka juu ya makala. Maji yakikaribia kuchemka, iwe imefunguka wazi. Ukiitoa na kupoa, ijifunge. Ikikataa moja ya hayo mawili, nunua ingine. Ikifanya yote mawili, irudishe pahali pake.

Maji gani?

Maji ya mto yanaingiza tope, na maji ya visima vingine yanaacha chokaa ndani ya mishipa. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati safi, baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi, ni bora kuliko hayo. Dawa ya rangi inayouzwa kwa ajili ya radiatere si ya baridi ya Ulaya tu: inazuia kutu pia. Maji yakitoka mekundu, fungua chini na usafishe mara nyingi mpaka yatoke meupe.

Wakati wa kusimama

Kuna dalili zinazosema kazi ya uani imekwisha. Motere ikiwa baridi, toa kifuniko na uwashe. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa tu. Yakiendelea bila kukoma, moshi wa motere unaingia ndani ya maji. Mafuta ya motere yakifanana na kahawa yenye maziwa, au maji yakipungua bila tone chini huku moshi mweupe ukitoka nyuma, joini ya kilasi imekufa.

Hapo gari lisitembee tena. Kubadilisha joini bila kupima kilasi kwa rula ya chuma iliyonyoka ni kutupa pesa. Ikiwa imepinda, lazima isawazishwe kwa mashini, na wakati wa kurudisha, bulo zinakazwa kwa zamu kutoka katikati kwenda pembeni, kwa kipimo cha mtengenezaji. Gharama ni kubwa, na kungoja ni kurefu. Inaepukwa na shofere anayekubali kusimama mapema, hata kama taa za Kabambare zimeanza kuonekana mbele.