Oili Inayovuja Kwenye Gurudumu la Nyuma Huharibu Breki



Je, pikapu inayobeba mazao yenu ina alama nyeusi kwenye gurudumu la nyuma? Chuchumaa uitazame. Tazama upande wa ndani wa tairi, pale ekseli inapoingia kwenye gurudumu. Ukiona pamelowa oili na vumbi limegandamana, usiseme, "Ni tone tu." Tone hilo liko karibu na breki.

Mimi ni bwana shamba, si fundi wa magari. Lakini mwaka 2018 nilipanda pikapu iliyobeba viazi kutoka Lushoto kwenda Mombo. Mnaoijua barabara ile mnazijua kona zake. Lushoto iko mlimani, kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mombo iko chini kabisa. Dereva alikanyaga breki, gari likavuta upande mmoja. Akakanyaga tena, likavuta tena. Akarudisha gia ndogo, tukateremka polepole kama watu wanaobeba mayai. Hakuna aliyesema neno. Tulipofika tambarare gurudumu lilifunguliwa. Breki za upande mmoja zilikuwa zimelowa oili chapachapa. Dereva alikuwa ameiona oili ile wiki tatu kabla ya siku hiyo.

Nilikaa na fundi aliyeitengeneza, nikamwuliza maswali mengi. Nikatazama kazi yake mpaka mwisho.

Ndani ya difu kuna oili nzito inayolainisha gia. Oili hiyo hutambaa ndani ya ekseli mpaka kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Hapo huzuiwa na sili. Sili ni pete ya chuma yenye mdomo wa mpira. Mdomo ukichakaa au ukikatika, oili hupita na kuingia kwenye dramu ya breki.

Kwanza hakikisha kwamba ni oili ya difu. Iguse, uinuse. Ni nzito, na harufu yake ni kali, karibu na ile ya salfa tunayopuliza kwenye mikorosho. Mafuta ya breki ni mepesi, na hubabua rangi ya gari. Ukikuta hayo, sili haina kosa. Kinachovuja ni silinda ya breki.

Kuna kitu kingine ambacho wengi hukisahau. Juu ya ekseli kuna kipumulio kidogo. Gari likienda mbali, difu hupata moto na hewa ya ndani hutanuka. Hewa hiyo hutokea hapo. Kipumulio kikizibwa na tope, hewa husukuma oili ipite kwenye sili. Mtu hubadilisha sili, baada ya wiki mbili inavuja tena, naye hulaumu duka kwa kumwuzia sili bandia. Bandia zipo, sikatai. Lakini zibua kipumulio kwanza. Pima na oili pia. Gari likiwa tambarare, fungua nati ya kujazia kwenye difu. Oili iwe sawa na ukingo wa chini wa tundu. Ikimwagika nyingi, ilizidishwa.

Sasa tazama katikati ya gurudumu la nyuma. Je, habu imetokeza nje, na ina duara la nati? Pikapu nyingi za Land Cruiser ziko hivyo. Hizo ekseli yake huvutwa nje, na fundi wa kijijini mwenye spana ya nati kubwa ya habu anaiweza kazi. Pikapu nyingi ndogo hazina duara hilo. Beringi zake zimeshindiliwa kwenye ekseli kwa presi. Usizigonge kwa nyundo chini ya mwembe. Peleka kwenye karakana yenye presi.

Kabla ya kuinua gari, weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Usitegemee breki ya mkono, maana kwa pikapu nyingi hushika magurudumu yale yale unayoyainua. Inua kwa jeki, kisha weka stendi ya chuma chini ya ekseli. Matofali hupasuka. Vumbi la breki usilipulize, kwa sababu lainingi za zamani huwa na asbesto, nayo huharibu mapafu. Lilowe maji, ulifute kwa kitambaa.

Sili ya zamani ikitoka, kumbuka mdomo wake ulielekea wapi. Mpya ielekee huko huko, upande wa oili. Pitisha ukucha mahali mdomo unaposuguana na chuma. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya nayo itavuja, hivyo chuma hicho kishughulikiwe kwanza. Kama gurudumu lilikuwa likicheza, beringi imekwisha. Ibadilishe. Kama ni nzima, ioshe kwa mafuta ya taa mbali na moto, ikauke, uijaze grisi. Paka grisi kidogo kwenye mdomo wa sili. Igonge taratibu kwa kipande cha mti, huku na huku, ikae sawasawa. Nati ya habu ikazwe kwa kipimo cha kitabu cha gari. Ikikazwa mno beringi huungua, ikilegea gurudumu hucheza.

Zimebaki breki shuu. Watu wengi huziosha kwa petroli, wengine huzichoma moto. Usifanye hivyo. Oili imezama ndani, nayo itatoka breki zikipata moto mlimani. Weka mpya, tena kwa magurudumu yote mawili ya nyuma, ama sivyo gari litavuta upande. Hapa wenye magari hulalamikia bei, nami ninawaelewa. Lakini shuu za dereva wetu zilikuwa bado nene. Oili ya wiki tatu ndiyo iliyozimaliza.

Jaza oili ya difu ya namba iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Mara nyingi ni 90 au 80W-90. Endesha polepole bila mzigo, ujaribu breki mahali tambarare. Kesho yake asubuhi chuchumaa tena, upitishe kidole pale pale ndani ya tairi. Kidole kikitoka kikavu, pakia viazi.