Kibodi za taa Masasi na Newala: mnunuzi atazame nini kabla ya kutoa fedha

Na Mwandishi Wetu

Fedha za korosho zinapoanza kuingia mifukoni, kuanzia Oktoba hadi Januari, maduka ya Masasi na Newala hujaa bidhaa zilizopakiwa Kariakoo, na vifaa vya kompyuta ni miongoni mwake. Bidhaa mojawapo inayovutia macho ni kibodi ya michezo, yenye taa za rangi chini ya vitufe, na vitufe vinavyoweza kupangiwa kazi na mwenyewe. Wiki hii ukurasa huu unaeleza jinsi ya kuichagua, kwa faida ya mwenye steshenari anayetaka kuitumia na mfanyabiashara anayetaka kuiuza.

Jambo la kwanza ni kumfahamu mteja. Kibodi hizi zilitengenezwa kwa ajili ya wachezaji wa michezo ya kompyuta, lakini vibanda vingi vya gemu nchini hutumia mashine za kuunganishwa na televisheni, ambazo huchezwa kwa pedi. Kwa hiyo katika miji hii mnunuzi wa uhakika zaidi ni yule anayechapa kwa riziki: steshenari, ofisi, na makarani wa vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, vilivyo chini ya TANECU kwa upande wa Newala na Tandahimba, na MAMCU kwa upande wa Masasi. Kazi za kompyuta katika biashara ya korosho hazitapungua, kwani tangu msimu wa 2024/2025 minada yake imekuwa ikiendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX.

Mteja wa aina hiyo anaandika tarakimu kutwa nzima. Kibodi nyingi za michezo hukatwa upande wa kulia, ule wenye tarakimu zilizokaa kama za kikokotoo, ili mchezaji apate nafasi ya kusogeza kipanya. Kwa karani wa kilo na shilingi, kibodi ya namna hiyo ni hasara hata ikiwa nzuri kiasi gani. Kabla ya kuagiza, uliza idadi ya vitufe: kibodi kamili ina 104 au zaidi, iliyokatwa ina 87 au pungufu.

Taa na umeme

Wauzaji husema kwamba taa hizo zinasaidia umeme unapokatika. Maneno hayo ni kweli nusu. Kibodi hupata nguvu kutoka kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Kama kompyuta ni ya mezani na haina UPS, umeme ukikatika kompyuta inazimika na taa za kibodi zinazimika nayo. Anayefaidika ni mwenye kompyuta ya mapajani, mwenye UPS au mwenye sola.

Hata huyo hana budi kupiga hesabu. Waya wa USB wa kawaida hutoa volti 5 na hadi miliampia 500, yaani wati 2.5. Kibodi inayowaka rangi zote kwa mwanga wa juu inaweza kukaribia kiasi hicho. Tuchukue mfano wa kompyuta ya mapajani yenye betri ya wati-saa 40 inayotumia wati 10: itakaa saa 4. Ikiongezewa kibodi inayokula wati 2, itakaa saa 3 na dakika 20. Dakika 40 si kidogo kwa steshenari yenye wateja mlangoni. Kibodi inayofaa ni ile ambayo mwanga wake unaweza kupunguzwa au kuzimwa kwa kitufe chake yenyewe, na ambayo herufi zake zinapitisha mwanga. Zipo ambazo taa huzunguka pembeni mwa vitufe tu, na herufi yenyewe haisomeki gizani. Hizo ni pambo.

Kipira au swichi

Kibodi za bei nafuu zina karatasi ya kipira chini ya vitufe vyote. Zile za bei ya juu zina swichi ya peke yake kwa kila kitufe. Swichi zilizojulikana zaidi duniani ni za MX, za kampuni ya Cherry ya Ujerumani, zilizoanza miaka ya 1980. Leo viwanda vya China kama Gateron, Kailh na Outemu hutengeneza swichi za umbo hilo kwa bei ndogo, na ndizo zilizomo katika kibodi nyingi za bei ya wastani.

Tofauti iko kwenye umri. Cherry hutaja mibonyezo milioni 100 kwa baadhi ya swichi zake za MX. Kibodi za kipira kwa kawaida hutajwa milioni 5 hadi 10. Sasa tutazame Kiswahili chetu, ambacho herufi yake inayotumika kuliko zote ni "a". Tukadirie kwamba mchapaji anabonyeza mara 40,000 kwa siku, na kwamba mara moja katika tano ni "a". Hizo ni mara 8,000 kwa siku, na kwa siku 300 za kazi ni milioni 2.4 kwa mwaka. Kipira cha milioni 5 kitachoka baada ya miaka miwili hivi, na kitaanza kwa "a", wakati vitufe vingine bado vizima. Mwenye ofisi inayochapa kidogo hana sababu ya kulipia swichi. Mwenye steshenari inayochapa kutwa anayo.

Vumbi nalo lina neno lake. Wakati wa kiangazi, na wakati wa kupuliza salfa mikorosho, unga mwembamba huingia kila mahali. Karatasi ya kipira huzuia vumbi kiasi, lakini ikiharibika hutupwa nzima. Swichi hupata vumbi kwa urahisi zaidi, lakini kuna kibodi ambazo swichi zake huchomolewa kwa mkono bila kuyeyusha risasi, na moja ikifa hubadilishwa hiyo moja. Muuzaji akiwa na swichi chache za akiba dukani, ana biashara ya pili. Kwa vyovyote vile, kipande cha kitambaa cha kufunikia usiku ni kinga ya bei rahisi kuliko zote.

Mnunuzi ajihadhari na maboksi yanayosema kibodi ina "hisia" ya swichi. Mara nyingi ni kipira. Omba kofia ya kitufe kimoja ichomolewe mbele yako. Ukiona kisanduku kidogo chenye msalaba katikati, chenye kubonyea peke yake, hiyo ni swichi. Ukiona bomba la plastiki lililoungana na bodi, hicho ni kipira, na kilipiwe bei ya kipira.

Vitufe vya kupangwa

Kitufe cha kupangwa huandika sentensi nzima kwa mbonyezo mmoja: jina la chama, anwani, au mstari wa mwisho wa barua ya maombi ya kazi. Swali la kuuliza ni moja: mpangilio unahifadhiwa wapi? Zipo kibodi zinazouhifadhi ndani yake zenyewe, na ukihamia kompyuta nyingine unahama nao. Nyingine zinategemea programu iliyowekwa kwenye kompyuta, na pengine programu hiyo inataka intaneti kwanza. Kwa steshenari yenye kompyuta mbili tatu, aina ya kwanza ndiyo yenye faida.

Onyo moja: kamwe usipange neno la siri la benki, la mfumo wa mnada au la simu kwenye kitufe. Yeyote atakayekibonyeza ataliandika, na kibodi inayohifadhi ndani yake ikiuzwa, inauzwa na siri yako.

Zilizotumika

Katika mizigo ya vifaa vilivyotumika kutoka Ulaya, angalia mstari wa juu wa herufi. Za Ufaransa huanza na AZERTY, ambapo "a" imekaa mahali pa "q". Za Ujerumani zimebadilisha "y" na "z". Za Uingereza zinafaa, ila alama chache kama @ zimehama. Kompyuta inaweza kuelekezwa isome mpangilio mwingine, lakini maandishi juu ya vitufe hayatabadilika, na mteja atalalamika.

Hesabu ya muuzaji

Tuchukue mfano, bei zikiwa za kielelezo tu. Mtaji ni shilingi 600,000. Muuzaji wa kwanza ananunua kibodi 10 za taa kwa 60,000 na kuziuza kwa 75,000. Msimu unakwisha akiwa ameuza 7: amepata 525,000, mtaji umepungua kwa 75,000, na kibodi 3 zinasubiri Oktoba nyingine.

Muuzaji wa pili ananunua kibodi 20 za kawaida kwa 15,000 na 5 za taa kwa 60,000. Anauza 18 za kawaida kwa 20,000, yaani 360,000, na 4 za taa kwa 75,000, yaani 300,000. Mkononi ana 660,000. Mtaji umerudi, faida ipo, na rafuni zimebaki kibodi 3 tu.

Katika miji ambayo fedha huja kwa msimu, bidhaa iliyobaki Februari ni mtaji uliolala. Kwa hiyo za taa ziwe chache, ziwe kamili za vitufe 104, zijaribiwe kitufe kwa kitufe Kariakoo kabla ya kufungwa, kwa sababu nauli ya kurudisha kibodi moja mbovu kutoka Newala hadi Dar es Salaam inaweza kumaliza faida ya kadhaa. Risiti ya EFD idaiwe papo hapo, na muda wa kubadilishiwa uandikwe juu yake.