Ukuaji wa Ubongo Kabla ya Kuzaliwa na Chimbuko la Skizofrenia: Ushahidi wa Njaa ya Uholanzi, 1944–1945

Dalili za skizofrenia kwa kawaida hujitokeza mwishoni mwa ujana au mwanzoni mwa utu uzima. Kwa sababu hiyo ni rahisi kudhani kuwa chimbuko lake ni matukio ya kipindi hicho. Mwaka 1987, Daniel Weinberger nchini Marekani, na Robin Murray na Shôn Lewis nchini Uingereza, walitoa hoja kwamba kwa baadhi ya wagonjwa kasoro huanza ubongo unapojengwa. Makala haya yanafafanua hoja hiyo.

Ubongo huanza kama bamba la seli linalojikunja na kuwa mrija wa neva. Mrija huo hufungika takribani siku ya 28 baada ya mimba kutungwa, wakati ambapo wanawake wengi hawajatambua kuwa ni wajawazito. Baadaye, seli za neva huzaliwa kandokando ya vyumba vya majimaji vilivyo ndani ya ubongo, kisha husafiri hadi kwenye gamba la ubongo. Zinazotangulia hukaa katika tabaka za chini. Zinazofuata huzipita na kukaa juu yake. Kwa kuwa kila hatua hutegemea iliyoitangulia, athari za dhara hutegemea pia wakati linapotokea.

Haiwezekani kimaadili kuwanyima wajawazito chakula kwa ajili ya utafiti. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 1944 majeshi ya Ujerumani yalizuia chakula kuingia magharibi mwa Uholanzi, na mgao rasmi ukashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Njaa hiyo, iliyokoma kwa ukombozi wa Mei 1945, ilikuwa na mipaka bayana ya muda na mahali. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996, Ezra Susser na wenzake walibaini kuwa watu ambao mimba zao zilitungwa njaa ilipofikia kilele walikuwa na hatari ya skizofrenia takribani mara mbili ya wengine. Kundi hilohilo lilikuwa na ongezeko la kasoro za mrija wa neva. Huko Wuhu, China, David St Clair na wenzake (2005) walipata mwelekeo kama huo: asilimia 2.15 kwa waliozaliwa mwaka 1960, ikilinganishwa na asilimia 0.84 kwa waliozaliwa mwaka 1959.

Matokeo haya yana mipaka. Njaa iliambatana na baridi na hofu ya vita, hivyo si rahisi kutenga athari ya kirutubishi kimoja. Aidha, wengi walioathiriwa na njaa tumboni hawakuugua kamwe. Urithi wa jeni na mazingira ya baadaye vina nafasi yake.

Pamoja na hayo, huduma inayoanza mama anapofika kliniki huwa imechelewa kuukuta mrija wa neva ukiwa wazi. Kanuni za Tanzania za mwaka 2011 zilihusu kuongeza virutubishi katika unga, hatua inayoweza kuwafikia wanawake kabla ya ujauzito. Faida ya asidi ya foliki katika kuzuia mgongo wazi imethibitika. Kuhusu skizofrenia, uthibitisho wa namna hiyo bado haujapatikana, na mambo haya mawili hayapaswi kuchanganywa.